Mwaka Ulio Katika Mabano

Katika kijitabu cha ukumbusho kama hiki ni desturi kuandika habari za maghala yaliyojengwa, za tani zilizouzwa, na za viongozi waliotutangulia. Kurasa nyingine zimeyaeleza hayo kwa ukamilifu. Kurasa hizi zimetengwa kwa habari ambayo sherehe huipita upesi, nayo ni habari ya nyakati ambazo Serikali, ile ya kikoloni na hii ya kwetu wenyewe, ilivifunga vyama vya watu, na yale yaliyowapata wakulima baada ya hapo. Chama Kikuu kinachotimiza miaka kumi hakina budi kujua ni mambo gani yaliyokatiza maisha ya vyama vikubwa kuliko hiki, vilivyokuwa na umri mkubwa kuliko huu.

Mtu akitaka alama ya mambo hayo, na atazame majina ya vyama vikuu vya zamani. Chama cha Kilimanjaro huandikwa KNCU (1984) Ltd. Cha Mwanza ni Nyanza Cooperative Union (1984) Ltd. Cha Shinyanga ni SHIRECU (1984) Ltd., na cha Kagera ni KCU (1990) Ltd. Kijana anayepita barabarani akaona kibao hicho aweza kudhani ya kuwa ushirika wa Kilimanjaro ulianza mwaka 1984. Lakini babu yake aliuza kahawa katika chama hicho kabla ya vita vya pili vya dunia. Mwaka ulio katika mabano si mwaka wa kuzaliwa. Ni mwaka wa kuandikishwa upya baada ya kufutwa. Ni kovu lililowekwa katika jina.

Yafaa tuanze Kilimanjaro, kwa kuwa ndiko jambo hili lilikoonekana kwanza. Baada ya vita vya kwanza Wachagga walipanda kahawa aina ya arabika kwa wingi, wakihimizwa na Bwana Charles Dundas aliyekuwa mkuu wa Serikali huko Moshi. Walowezi wa Kizungu hawakufurahi. Walisema mashamba ya Waafrika yataeneza magonjwa na wadudu, na ya kuwa kahawa itaibwa. Lakini hofu yao kubwa ilikuwa kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakwenda kufanya kazi ya kibarua katika kahawa ya mwingine. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, chini ya Bwana Joseph Merinyo. Kazi yake ilikuwa kununua dawa za wadudu, kutunza mibuni na kuuza mazao kwa pamoja.

Chama cha namna hiyo, hata kama kimeundwa kwa ajili ya kahawa tu, hakikai kahawani tu. Serikali ilipotaka mwaka 1928 kuandikisha ardhi ya kahawa, wakulima waliona huo ni mwanzo wa kunyang'anywa vihamba, na waliopaza sauti ni watu wa KNPA. Wamangi nao waliona kumetokea watu wanaosikilizwa na raia kuliko wao. Tangu hapo chama kikaonekana si chama cha dawa na mabomba, bali ni chama cha siasa. Kisha bei ya kahawa ikaanguka duniani, chama kikapata hasara, na hesabu zake zikawa na kasoro za kweli. Serikali ikapata sababu yake. Sheria ya Vyama vya Ushirika ikapitishwa mwaka 1932, KNPA ikaondolewa, na mwanzoni mwa mwaka 1933 KNCU ikashika nafasi yake, ikiwa na meneja wa Kizungu, Bwana A. L. B. Bennett, na Msajili wa Serikali akiwa na mamlaka makubwa juu yake.

Hatusemi kwamba KNCU ilikuwa chama kibaya. Kwa hakika ilikuja kuwa fahari ya nchi nzima. Tunalotaka msomaji alione ni namna jambo lilivyofanywa. Kama palikuwa na mtu aliyekula fedha za wanachama, palikuwa na mahakama. Kama hesabu zilikuwa mbovu, palikuwa na wakaguzi. Lakini kosa la wachache lilifanywa sababu ya kuondoa sauti ya wengi, na chama kilichoundwa na wakulima kikabadilishwa kwa chama kilichoundwa kwa ajili ya wakulima. Baina ya maneno hayo mawili pana umbali mkubwa, na haukuchelewa kuonekana. Mwaka 1934 ikatolewa amri, kwa mkono wa Wamangi, kwamba kahawa yote ya Wachagga iuzwe kwa njia ya KNCU. Kwa ofisi ya chama hiyo ilikuwa neema. Kwa mkulima ilikuwa ni kulazimishwa. Bei ilipozidi kuwa mbaya, mwaka 1937, watu wenye hasira walivamia maghala ya vyama vya msingi. Hawakuvamia bomani wala mashamba ya walowezi. Walivamia maghala ya ushirika wao wenyewe, kwa sababu hawakuyaona tena kuwa yao.

Katika Jimbo la Ziwa mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Huko zao lilikuwa pamba, na malalamiko yalikuwa mizani. Mkulima alifikisha mzigo wake kwa mnunuzi, akaambiwa uzito usiolingana na jasho lake, naye hakuwa na njia ya kubisha. Baada ya vita vya pili wakulima walianza kujipanga ili wasimamie wenyewe upimaji, na katika miaka ya 1950 vyama vya msingi vikaenea upesi mno, vikiongozwa na Bwana Paul Bomani na wenzake. Mwaka 1955 vikaunganishwa katika Victoria Federation of Cooperative Unions, yaani VFCU, ambayo kufika wakati wa Uhuru ilikuwa imekuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya Waafrika katika bara hili, yenye viwanda vyake vya kuchambulia pamba.

Sasa tazameni wakati wenyewe. Mwaka 1954 Serikali ya Kiingereza ilikuwa imetunga Sheria ya Jumuiya, iliyotaka kila chama cha watu kiandikishwe, na iliyompa Msajili uwezo wa kukataa. Mwaka huo huo TANU ilizaliwa, na katika nchi ya Wasukuma ikanyimwa kuandikishwa. Kwa muda wa miaka minne, hadi 1958, haikuruhusiwa kufanya kazi huko. Je, watu wa Usukuma walinyamaza? Hawakunyamaza. Ushirika ulikuwa halali, na mkutano wa ushirika ulikuwa halali. Mtu aliyejifunza kuuliza kwa nini mizani inasema uongo alikuwa amekwisha kujifunza kuuliza mengine. Mwaka 1958 watu wa Geita walipokataa baraza la wilaya lililowekwa kinyume cha matakwa yao, wakafika Mwanza kwa maelfu na kutawanywa na polisi, hawakuwa watu waliokuwa hawajui kukutana.

Na hapa turuhusiwe kuruka mbele kidogo, kwa kuwa sheria hiyo ya mwaka 1954 haikuondoka pamoja na Mwingereza. Nchi huru iliirithi kama ilivyorithi reli na bandari. Mwaka 1997, miaka 36 baada ya Uhuru, ndiyo iliyotumika kuifuta BAWATA, Baraza la Wanawake, baada ya kulisimamisha mwaka 1996. Sababu iliyotolewa ilifanana mno na ile ya zamani, yaani kwamba chama kimetoka katika kazi yake na kuingia katika siasa. Wanawake hao walikwenda Mahakama Kuu kudai haki yao. Kesi ilichukua miaka mingi, na chama kinachokaa miaka mingi bila mikutano hupoteza watu wake hata kabla hukumu haijasomwa.

Turudi katika miaka ya kwanza ya Uhuru. Hii ndiyo sehemu ngumu ya habari yetu, kwa sababu waliofanya haya hawakuwa wageni. Walikuwa viongozi wetu, na wengine walikuwa wametoka ndani ya vyama hivyo hivyo. Nia yao ilikuwa kujenga taifa moja upesi, na waliogopa kila kitu ambacho kingeweza kuligawa. Vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyotangulia kupatwa. Mwaka 1962 sheria mpya zilibana migomo, na mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Januari 1963 Bwana Victor Mkello, rais wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, alipelekwa kukaa Sumbawanga. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, viongozi wengi wa wafanyakazi walikamatwa, Shirikisho likavunjwa, na sheria ikaunda chama kimoja tu, NUTA, ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, naye alikuwa wakati huo huo Waziri wa Kazi. Mwajiri na mtetezi wa mwajiriwa wakakaa katika kiti kimoja. Desemba 1968 ikapigwa marufuku Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika ya Mashariki. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya Ruvuma.

Habari ya Ruvuma yastahili kukumbukwa na kila mshirika, kwa maana haikuwa na doa la uadui kwa Serikali. Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ndugu Ntimbanjayo Millinga, walianza kijiji cha Litowa karibu na Songea mwaka 1960, kabla Azimio la Arusha halijafikiriwa. Walilima pamoja, wakagawana kwa mashauri yao wenyewe, wakaanzisha shule iliyowafundisha watoto kazi na maisha ya kijiji chao. Vijiji vingine vikafuata hadi kufika 17, vikaunda RDA, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, chenye kinu cha kusaga nafaka mjini Songea. Mwalimu Nyerere alikwenda Litowa, akapendezwa. Na aliyoyaona huko yalimsaidia kuona ya kuwa ujamaa vijijini wawezekana.

Basi kosa lao lilikuwa nini? Hawakungoja kuambiwa. Wakuu wa mkoa walitaka vijiji vipokee amri, na vijiji hivi vilikuwa na mazoea ya kuzijadili. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua RDA ivunjwe. Mali yake ikachukuliwa, kinu pamoja nayo, na walimu wa Litowa wakahamishwa. Baadaye Serikali ilipohamisha mamilioni ya watu kuwaweka katika vijiji, mara nyingi kwa nguvu, ilikuwa imekwisha kuvunja mahali pale ambapo watu walikuwa wamehamia kwa hiari na kufanikiwa. Twaona hasara hiyo kuwa kubwa kuliko ya kinu.

Tuje sasa kwa vyama vikuu vya mazao. Baada ya Uhuru vyama viliongezwa kwa haraka, pengine mahali ambapo wakulima hawakuwa wameviomba, na lawama zikajaa: wizi, upendeleo, makarani wasiojua hesabu, malipo pungufu. Mwaka 1966 Rais aliunda Kamati Maalumu kuchunguza ushirika na bodi za mazao. Kamati iliyaona matatizo hayo yote, ikataja kwamba wanachama hawakuelimishwa, kwamba wataalamu ni haba, na kwamba demokrasia katika vyama vikuu ni dhaifu. Lakini ikataja pia kuingiliwa na wanasiasa. Dawa iliyotolewa ilielekea upande mmoja tu. Halmashauri za vyama vikuu kadhaa ziliondolewa, vyama vikawekwa chini ya usimamizi wa Serikali, na VFCU ikageuzwa kuwa Nyanza Cooperative Union. Ugonjwa wa kuingiliwa ukatibiwa kwa kuingiliwa zaidi.

Ndipo ikafika tarehe 14 Mei 1976. Siku hiyo Serikali ilivifuta vyama vikuu vyote vya ushirika nchini. Hakuna mkutano mkuu ulioitishwa kuamua jambo hilo, wala mwanachama hakuulizwa. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilikuwa imekwisha kutengeneza njia. Ilisema kijiji kifanye kazi kana kwamba ni chama cha ushirika cha shughuli nyingi, na papo hapo ikasema Sheria ya Vyama vya Ushirika haitahusu kijiji hicho. Maana yake, jina la ushirika lilibaki, lakini hiari ya kujiunga, hisa, na haki ya kuwaondoa viongozi viliondoka. Mtu akawa mshirika kwa sababu anaishi mahali fulani, kama vile anavyonyeshewa mvua ya mahali hapo.

Kazi ya kununua mazao ikaenda kwa mamlaka za Serikali: ya kahawa, ya pamba, ya korosho, ya tumbaku. Nafaka ikashikwa na Shirika la Usagishaji la Taifa. Maghala, magari, viwanda na majengo yaliyonunuliwa kwa makato ya senti za wakulima kwa zaidi ya miaka 40 yakaingia katika mikono mingine.

Kwa kahawa, wakati wenyewe ulikuwa mchungu. Julai 1975 baridi kali iliangamiza mibuni ya Brazil, na bei ya dunia ikapanda mno katika miaka ya 1976 na 1977. Neema kubwa kuliko zote ilikuja pale pale mkulima alipokuwa hana chama cha kumsemea. Gharama za mamlaka na kodi zilimeza sehemu kubwa, na sehemu ya bei iliyomfikia mwenye mbuni ikapungua. Mipakani watu wakajifunza njia za magendo. Malipo yakaanza kuchelewa, na mkulima akarudi nyumbani na karatasi mahali pa fedha. Korosho, iliyofikia karibu tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, ilianguka hata ikawa chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Si haki kusema kwamba kufutwa kwa vyama peke yake ndiko kulikoleta hayo. Watu walihamishwa mbali na mikorosho yao, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, na bei ilikuwa ndogo. Lakini katika misiba yote hiyo hapakuwa na mkutano ambamo mkulima angesimama, kwa haki yake ya mwanachama, akasema: imetosha.

Tena palipotea jambo lisiloandikwa katika daftari la mali. Katibu wa chama cha msingi aliyejua kusoma mizania, mjumbe aliyejua kumwuliza meneja swali mbele ya watu, mzee aliyekumbuka deni la lori la miaka kumi iliyopita: watu hao walirudi mashambani, na vijana hawakuona tena kazi hiyo ikifanywa. Ghala laweza kujengwa upya kwa mkopo wa msimu mmoja. Desturi ya kuhoji haina mkopo.

Serikali yenyewe iliona kwamba mamlaka za mazao zimeshindwa. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama vikuu virudi, na mwaka 1984 vikarudi. Walakini vilirudi kwa amri kama vilivyoondoka kwa amri, vikiwa chini ya uongozi wa Chama tawala, kwa maana Jumuiya ya Muungano wa Vyama vya Ushirika ilikuwa imefanywa tangu mwaka 1979 kuwa mojawapo ya jumuiya za CCM. Havikupewa mtaji wa kutosha, na pamoja na mali chakavu vilirithi madeni. Sheria ya mwaka 1991 ndiyo iliyotamka tena kwamba ushirika ni mali ya wanachama, ni wa hiari, na haufungamani na chama cha siasa. Miaka mitatu haikupita wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua mazao, na vyama ambavyo vilikuwa bado havijajifunza kutembea vikaambiwa vikimbie. Vingine vilianguka kwa madeni, vingine kwa wizi wa viongozi wake, na wanachama wengi walitazama tu, kama mtu atazamavyo nyumba ya jirani ikivuja. Walishangaliwa kwa ubaridi huo. Sisi hatuoni la kushangaza. Watu walikuwa wamefundishwa kwa muda mrefu kwamba chama ni cha wakubwa.

Leo tuko chini ya sheria ya mwaka 2013, yenye Tume ya Maendeleo ya Ushirika na Mrajis mwenye uwezo wa kuchunguza, kuondoa bodi na kufuta chama. Hatudai uwezo huo usiwepo. Wako wanachama waliookolewa nao kutoka mikononi mwa wezi. Lakini viongozi wetu wajue ya kuwa kila daftari lisilokaguliwa kwa wakati, na kila mkutano mkuu unaoahirishwa bila sababu, ni hoja inayowekwa akiba kwa ajili ya mtu atakayetaka siku moja kutufunga. Mwaka 1932, 1966 na 1976 hoja za namna hiyo hazikutungwa zote. Nyingine zilikutwa zimeandikwa tayari katika vitabu vya vyama.

Na liko la pili, ambalo huenda halitawapendeza baadhi yetu. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kwamba kahawa ya wakulima wadogo ipitie katika vyama vya ushirika, wala mnunuzi binafsi asiinunue shambani. Ofisi nyingi za ushirika zililipokea agizo hilo kwa furaha, nasi twafahamu kwa nini, kwa kuwa mnunuzi wa shambani amewaumiza wengi. Lakini agizo hilo lafanana kwa jina na kwa sura na lile la mwaka 1934. Serikali inayoweza kumlazimisha mkulima aje kwetu leo, yaweza kumlazimisha atuache kesho, na katika siku zote mbili mkulima atakuwa hajaulizwa. Kwa hiyo twaomba Halmashauri iweke katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao, kabla ya hesabu za msimu, swali moja liulizwe kwa kila chama cha msingi na majibu yake yaandikwe katika kumbukumbu: kama lisingekuwepo agizo lolote, ni wanachama wangapi wangeleta mazao yao katika mizani yetu, na wale ambao wasingeleta wana sababu gani.